Zamu ya Kunyolewa: Safari Kutoka Diyarbakır Hadi Istanbul

Wasafiri wengi wanaokwenda Uturuki huanzia Istanbul, na wengi huishia huko huko. Mimi niliamua kuanzia mashariki. Meya wa Istanbul, Ekrem İmamoğlu, alikamatwa alfajiri ya Machi 19, 2025, na kila niliposoma habari zake nilikuta wachambuzi wakiandika kana kwamba jambo lile halijawahi kutokea nchini humo. Lilikuwa limetokea mara nyingi. Lilitokea Diyarbakır, Mardin, Van na Hakkâri, miji ya Wakurdi, na lilipotokea huko dunia haikushtuka, wala Waturuki wengi wa magharibi hawakushtuka. Nilitaka kuifuata njia hiyo mwenyewe: nianzie msiba ulikoanzia, niufuate hadi ulikofika.

Basi vuli ya 2025 nikaondoka Nairobi, nikabadilisha ndege Istanbul bila hata kutoka uwanjani, nikaendelea hadi Diyarbakır. Mkalimani wangu alikuwa kijana wa Mombasa anayesoma Uturuki kwa ufadhili wa serikali ya nchi hiyo, mmoja wa maelfu ya vijana wa Kiafrika waliopata elimu nzuri kwa njia hiyo. Aliniita mjomba, akanibebea begi, na kabla hatujatoka uwanja wa ndege akaniomba jambo moja: nisiandike jina lake wala chuo chake. Nilimwahidi. Kila tuliyezungumza naye baadaye, kutoka mashariki hadi magharibi, alitoa ombi hilo hilo.

Mji wa kuta nyeusi

Diyarbakır umekaa juu ya mto Tigris. Mji wake wa kale, Sur, umezungukwa na kuta za mawe meusi ya volkano, zenye urefu wa karibu kilomita sita. Mwaka 2015 UNESCO iliziingiza kuta hizo katika urithi wa dunia, pamoja na bustani za Hevsel zilizo chini yake kuelekea mtoni. Haukupita hata mwaka, ndani ya kuta hizo hizo kukapiganwa vita.

Kisa chake kinaanzia kwenye sanduku la kura. Katika uchaguzi wa Juni 7, 2015, chama cha HDP, kilichokuwa na mizizi yake kwa Wakurdi, kilipata asilimia 13 ya kura na viti 80 bungeni. Sheria ilidai chama kipate asilimia 10 ndipo kiingie bungeni, na kwa miaka mingi kizingiti hicho kiliwafungia Wakurdi mlango. Safari hii waliuvuka, na AKP, chama cha Recep Tayyip Erdoğan, kikapoteza wingi wake wa viti kwa mara ya kwanza tangu kilipoingia madarakani mwaka 2002. Wiki chache baadaye mazungumzo ya amani kati ya serikali na wapiganaji wa Kikurdi wa PKK yalivunjika. Vijana wenye silaha wakachimba mahandaki katika mitaa ya Sur, serikali ikatangaza amri ya kutotoka nje, vifaru vikaingia. Uchaguzi ukarudiwa Novemba 1, huku nchi ikiwa imejaa hofu, na AKP ikaupata tena wingi wake.

Tulitembea Sur asubuhi, wachuuzi wakipanga makomamanga juu ya mikokoteni. Upande mmoja vichochoro bado ni vya zamani, vyembamba, vyenye kivuli. Upande wa pili tingatinga zilipita, na mahali palipokuwa na nyumba za watu zimejengwa nyumba mpya zinazofanana, zimepambwa kwa jiwe jeusi ili zifanane na za kale. Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa, katika ripoti yake ya mwaka 2017, ilikadiria kwamba kati ya watu 355,000 na nusu milioni walihama makwao kusini mashariki mwa Uturuki katika kipindi kile.

Tulisimama kwenye mnara wa msikiti unaoitwa wa miguu minne, kwa sababu umejengwa juu ya nguzo nne fupi. Hapo, Novemba 28, 2015, Tahir Elçi, mwenyekiti wa chama cha mawakili cha Diyarbakır, aliwaambia waandishi wa habari kwamba hataki vita mahali pale penye historia ya watu wengi. Dakika chache baadaye aliuawa kwa risasi. Polisi watatu walishtakiwa, na mwaka 2024 mahakama ikawaachia huru. Nilikaa pale kwa muda, na nakiri kwamba hasira ilinipanda kwa ajili ya mtu ambaye sikuwahi kumjua.

Mchana tulikunywa chai katika ua wa Hasan Paşa Hanı, jengo la kale la wafanyabiashara wa misafara, pamoja na mzee mmoja aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi. Kijana wangu alimwita *hocam*, kama Waturuki wanavyomwita kila mwalimu, awe kazini au awe nyumbani. Yeye alikuwa nyumbani tangu mwaka 2016. Mwaka huo, baada ya jaribio la mapinduzi la Julai 15 ambalo liliua watu zaidi ya 250, serikali ilitangaza hali ya hatari iliyodumu miaka miwili. Wafanyakazi wa umma zaidi ya 125,000 walifukuzwa kwa amri: walimu, mahakimu, madaktari, polisi, wahadhiri. Wapo miongoni mwao waliohusika na mapinduzi yale. Wengine, kama mzee huyu, kosa lao lilikuwa kujiunga na chama cha walimu kisichopendwa na serikali au kutia saini karatasi ya kudai amani. Jina lake lilichapishwa katika gazeti la serikali likiwa kwenye orodha ndefu. Hakuitwa, hakuulizwa, hakusomewa shtaka. Na pasipoti yake ikafutwa.

Kisha akatueleza juu ya mameya. Septemba 2016 amri ya dharura ilimpa waziri wa mambo ya ndani uwezo wa kumwondoa meya anayetuhumiwa kwa ugaidi na kumweka msimamizi mahali pake. Watu humwita msimamizi huyo *kayyum*. Oktoba mwaka huo alikamatwa Gültan Kışanak, mwanamke wa kwanza kuchaguliwa meya wa jiji la Diyarbakır. Ndani ya muda mfupi, katika manispaa 102 ambazo chama cha Wakurdi kilishinda, 95 zilikuwa mikononi mwa wasimamizi. Mwaka 2019 watu wakapiga kura tena. Selçuk Mızraklı, daktari wa upasuaji, akapata zaidi ya asilimia 60 Diyarbakır. Hakumaliza miezi mitano: Agosti 19 aliondolewa, siku moja na mameya wa Mardin na Van. Ahmet Türk wa Mardin, mwanasiasa mkongwe, amechaguliwa na kuondolewa mara tatu, mwaka 2016, 2019 na 2024.

Nilimuuliza mzee kwa nini watu wanaendelea kupiga kura. Alinijibu bila kusitasita: “Kwa sababu ndicho kitu pekee tulichobaki nacho ambacho wanalazimika kuja kukichukua mchana, watu wakiona.”

Nilimuuliza pia alijisikiaje İmamoğlu alipokamatwa. Nilitegemea uchungu, na nisingemlaumu. Alisema aliumia. Alikumbuka kwamba Agosti 2019, siku chache baada ya mameya wale kuondolewa, İmamoğlu alipanda ndege kuja Diyarbakır kuwapa pole, wakati viongozi wengi wa magharibi ya nchi walikaa kimya. “Yeye alikuja,” alisema mzee. “Lakini waliompigia kura hawakuja.”

Kwetu tunasema mwenzako akinyolewa, zako tia maji. Nilimwambia methali hiyo na kijana akaitafsiri. Mzee alitikisa kichwa taratibu, akasema kwamba wao hawakutaka mtu yeyote atie maji kichwani. Walitaka wembe ushikwe mkono.

Mpakani, ambako siasa za nyumbani huvuka

Kutoka Diyarbakır tulipanda basi kuelekea magharibi, tukapita Şanlıurfa na Gaziantep hadi Antakya, mji mkuu wa mkoa wa Hatay. Barabara hii inafuatana na mpaka wa Syria, na mtu akitaka kuelewa kwa nini kudorora kwa demokrasia Uturuki si shauri la Waturuki peke yao, aifuate barabara hii.

Wakati mmoja Uturuki ilihifadhi Wasyria zaidi ya milioni 3.6, idadi ambayo hakuna nchi nyingine duniani iliyokuwa nayo. Huo ni ukarimu, na sisi tulio jirani na kambi za Dadaab na Kakuma tunajua uzito wake. Lakini ukarimu wa wananchi uligeuzwa mtaji wa viongozi. Machi 4, 2016 mahakama iliweka gazeti la Zaman, lililokuwa likiuzwa kuliko yote nchini, chini ya wasimamizi, na polisi wakaingia ofisini kwa mabomu ya machozi. Siku tatu baadaye viongozi wa Ulaya walikutana Brussels na waziri mkuu wa Uturuki, wakajadiliana kuhusu kuzuia wakimbizi wasivuke kwenda Ugiriki. Mkataba ukafikiwa Machi 18, na euro bilioni 6 zikaahidiwa. Tangu siku hizo Ulaya hulikemea jela la Uturuki kwa sauti ya chini, kwa kuwa ina haja na lango la Uturuki.

Na nchi isiyo na wa kuuliza ndani huwa haina wa kuizuia nje. Januari 2018 jeshi liliingia Afrin, wilaya ya Wakurdi kaskazini mwa Syria, na maelfu kwa maelfu ya wakazi wakakimbia. Viongozi wa chama cha madaktari cha Uturuki walitoa taarifa fupi wakisema vita ni tatizo la afya ya jamii. Walikamatwa. Oktoba 2019 jeshi liliingia tena mashariki zaidi. Sisemi kwamba Uturuki haikuwa na hofu ya kweli mpakani. Mabomu ya kujilipua yaliua watu wake wengi Ankara, Istanbul na Gaziantep. Nasema kwamba swali la kwenda vitani, ambalo ni kubwa kuliko yote ambayo taifa linaweza kujiuliza, lilijibiwa na watu wachache huku waliotaka kuliuliza wakiwa kizuizini.

Antakya ulinitoa machozi. Tetemeko la Februari 6, 2023 liliua watu zaidi ya 53,000 Uturuki, na mji huu uliumia kuliko karibu yote. Zaidi ya miaka miwili baadaye bado nilipita kwenye viwanja vitupu vilivyokuwa mitaa, na katika makazi ya makontena nilikaribishwa chai na mama aliyempoteza dada yake na watoto wa dada. Alinionyesha kwa kidole upande lilikokuwa jengo. Nchi hii ina wahandisi hodari na ina kanuni za ujenzi. Kilichokosekana ni mtu mwenye nguvu ya kumwambia mwenye jengo hapana. Mwaka 2018, kabla ya uchaguzi, serikali ilipitisha msamaha uliohalalisha mamilioni ya majengo yaliyojengwa kinyume cha kanuni, kwa malipo.

Mei 2023, katikati ya matanga hayo, watu wa Hatay walimchagua mbunge ambaye alikuwa jela: Can Atalay, wakili aliyewatetea wafiwa wa ajali za migodini, aliyehukumiwa miaka 18 kwa maandamano ya bustani ya Gezi ya mwaka 2013. Mahakama ya Katiba iliamua kwamba haki zake zimevunjwa na aachiwe. Mahakama kuu ya rufani ikakataa kuitii, ikawafungulia malalamiko ya jinai majaji wa Mahakama ya Katiba wenyewe. Mahakama ya Katiba ikaamua tena. Januari 2024 Bunge likamvua kiti. Mama wa kontena alikuwa amempigia kura. Alituambia: “Nilimchagua wakili kwa sababu nilitaka mtu wa kuuliza nani aliidhinisha jengo lile.”

Ankara: waliopiga kura ya ndiyo

Ankara ni mji wa ofisi, na katika ofisi zake kuna kumbukumbu ambazo upinzani wa Uturuki hauna budi kuzitazama. Nilitembea kutoka Kızılay hadi mtaa wa Yüksel, ilipo sanamu ya mwanamke anayesoma Azimio la Haki za Binadamu. Mwaka 2017 walimu wawili waliofukuzwa kazi, Nuriye Gülmen na Semih Özakça, waligoma kula mbele yake, na polisi wakaizungushia sanamu vizuizi. Lakini mawazo yangu yalikuwa katika jengo la Bunge, mwendo mfupi kutoka pale.

Mei 20, 2016, Bunge lilipiga kura kuwavua kinga wabunge waliokuwa na majalada ya mashtaka. Hakuna aliyekuwa na shaka kwamba walengwa ni HDP. Kemal Kılıçdaroğlu, kiongozi wa wakati huo wa CHP, chama kilichoasisiwa na Atatürk, alisema wazi kwamba hatua hiyo inakiuka katiba, na bado akasema wataiunga mkono, kwa kuogopa kuitwa watetezi wa magaidi. Hoja ilipita kwa kura 376. Novemba 4 viongozi wenza wa HDP, Selahattin Demirtaş na Figen Yüksekdağ, walikamatwa. Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliamua mwaka 2018, na tena mwaka 2020, kwamba Demirtaş aachiwe. Nilipokuwa Ankara alikuwa bado jela Edirne, karibu na mpaka wa Bulgaria, akiwa amehukumiwa miaka 42.

Haikuchukua muda. Juni 2017 mbunge wa CHP, Enis Berberoğlu, alihukumiwa miaka 25. Hapo Kılıçdaroğlu alitoka Ankara kwa miguu hadi Istanbul, kilomita zaidi ya 400, mkononi ameshika bango lenye neno moja, *adalet*, yaani haki. Mamia ya maelfu wakampokea. Nayaheshimu matembezi yale. Mzee wa karibu miaka 70 kutembea majuma matatu juani si jambo dogo. Lakini mlango uliopitishiwa Berberoğlu ulifunguliwa mwaka mmoja kabla, na mikono iliyoufungua ilikuwamo ya wenzake.

Katikati ya matukio hayo mawili, Aprili 16, 2017, kura ya maoni ilipitisha mfumo mpya kwa asilimia 51.4. Siku ya kuhesabu, Tume Kuu ya Uchaguzi iliamua kwamba karatasi zisizo na muhuri zikubaliwe. Cheo cha waziri mkuu kikafutwa. Baraza linaloteua na kuhamisha mahakimu likawa linateuliwa na rais na Bunge, bila hata mjumbe mmoja anayechaguliwa na mahakimu wenyewe. Kuanzia hapo, yaliyofuata yangeweza kufanywa kwa karatasi za mahakama, bila kifaru barabarani.

Kutoka Ankara tulipanda treni ya mwendo kasi. Aliyeketi mbele yetu alikuwa mama wa makamo aliyevaa ushungi wa hariri, mhasibu, mkarimu, aliyetugawia mkate wa ufuta kabla hatujasalimiana vizuri. Alipojua tumetoka Kenya aliuliza juu ya misikiti yetu. Kisha akanieleza kwa nini humpigia kura Erdoğan. Mwishoni mwa miaka ya 1990 alizuiwa kwenye lango la chuo kikuu kwa sababu ya ushungi wake. Alirudi nyumbani, akapoteza miaka. Mwaka 1999 aliona kwenye televisheni Merve Kavakçı, mbunge aliyechaguliwa, akizomewa na kutolewa nje ya ukumbi wa Bunge kwa sababu ya ushungi kama wake. Mwaka huo huo Erdoğan, aliyekuwa meya wa Istanbul, aliingia jela kwa miezi minne kwa kusoma shairi hadharani. “Wale waliokuwa wakisema demokrasia,” alisema, “siku ile hawakusema.”

Alikuwa na haki kamili ya kusema hivyo. Nami namwamini pia anapokumbuka miaka ya mwanzo: adhabu ya kifo ilifutwa mwaka 2004, mazungumzo ya kujiunga na Umoja wa Ulaya yalianza Oktoba 2005, hospitali zikafunguka kwa maskini. Nilimuuliza kuhusu İmamoğlu. Alisema hajui kama ana hatia. Nikamuuliza kama mahakama iliyomfunga Erdoğan ilistahili kuaminiwa. Alisema hapana, ilikuwa mahakama ya wenye nguvu. Na ya sasa? Alikaa kidogo, kisha akasema jambo la ukweli kuliko yote niliyosikia katika safari ile: “Naogopa wakirudi wao watanifungia lango tena.”

Hapo ndipo niliona jinsi mambo yalivyofungamana. Utawala huu unalindwa na hofu ya jirani kwa jirani zaidi kuliko mapenzi kwa mtu mmoja. Wacha Mungu walinyolewa, wapenda usekula wakatazama. Wakurdi wakanyolewa, wote wawili wakatazama. Kila aliyepitiwa na wembe alikumbuka nani alikuwa akitazama, na kumbukumbu hiyo ndiyo inayomfanya leo akubali mwingine anyolewe.

Saraçhane

Makao ya manispaa ya Istanbul yapo Saraçhane, karibu na mfereji wa mawe uliojengwa na Warumi. Hapo ndipo watu walimiminika usiku baada ya usiku mwezi Machi 2025 kumtetea İmamoğlu. Machi 31, 2019 İmamoğlu alishinda umeya kwa kura zipatazo 13,000. Tume ya uchaguzi ikabatilisha matokeo. Juni 23 watu walirudi, wengine wakikatiza likizo zao, na akashinda kwa kura zaidi ya 800,000. Mwaka 2024 akashinda tena kwa karibu milioni moja, na CHP, chama chake, ikaongoza nchi nzima kwa mara ya kwanza tangu miaka ya 1970.

Kisha wembe ukafika. Oktoba 30, 2024 alikamatwa Ahmet Özer, msomi Mkurdi, meya wa CHP wa Esenyurt, wilaya ya Istanbul yenye watu karibu milioni moja, na msimamizi akawekwa kwa amri ile ile iliyotungwa kwa ajili ya Diyarbakır. Machi 18, 2025 Chuo Kikuu cha Istanbul kilifuta shahada ya İmamoğlu, miaka ipatayo 30 baada ya kumpa. Katiba inataka rais awe na shahada. Kesho yake alikamatwa kwa tuhuma za rushwa. Machi 23 alipelekwa jela Silivri, siku ile ile chama chake kilipompitisha kuwa mgombea urais katika kura iliyowaruhusu hata wasio wanachama kushiriki. Chama kilisema watu milioni 15 walijitokeza. Karibu waandamanaji 2,000 walikamatwa, wengi wao vijana. Lira ilianguka, na benki kuu ikamwaga mabilioni ya dola kuishikilia. Mei, akaunti ya X ya İmamoğlu ilizuiwa nchini.

Tulikula katika moja ya mikahawa ya jiji iliyoanzishwa wakati wake, ambamo mtu hupata supu, wali na nyama kwa bei ndogo. Wastaafu na wanafunzi walipanga foleni pamoja. Msichana mmoja, mwanafunzi wa sheria, alitusimulia jinsi yeye na wenzake walivyovunja kizuizi cha polisi mtaa wa Beyazıt mnamo Machi 19 na kutembea hadi Saraçhane. Hakuwahi kuandamana kabla. Anatoka familia ya kizalendo ambayo nyumbani kwao hakuna aliyewahi kusema neno jema juu ya Wakurdi. Usiku wa pili pale uwanjani alisimama karibu na vijana wa Kikurdi walioshika bendera yao, akasikia baadhi ya wenzake wakiwazomea, akaona aibu. “Niliwasikiliza wakieleza kuhusu Van,” alisema, “nikaelewa kwamba wao wako darasa la kumi na sisi ndio kwanza tunaandikishwa.”

Nilikuwa bado Uturuki mwishoni mwa Oktoba İmamoğlu alipoongezewa shtaka la ujasusi. Siku hizo hizo waziri mkuu wa Uingereza, Keir Starmer, alikuwa Ankara akitia saini mkataba wa kuiuzia Uturuki ndege 20 za kivita kwa pauni bilioni 8. Ulaya inaiogopa Urusi, inazihitaji droni za Uturuki, jeshi lake na ulinzi wake wa Bahari Nyeusi. Novemba hati ya mashtaka ikatoka: kurasa karibu 4,000, waendesha mashtaka wakiomba meya afungwe zaidi ya miaka 2,000.

Nairobi haiko mbali

Mtu wa kwetu anaweza kusema haya ni ya kwao. Nairobi inajua vinginevyo. Februari 15, 1999 kiongozi wa PKK, Abdullah Öcalan, alikamatwa Nairobi na majasusi wa Uturuki baada ya kutoka katika makazi ya balozi wa Ugiriki, akapelekwa kisiwa cha İmralı, aliko hadi leo. Ni kutoka kisiwa hicho, Februari 2025, alipolitaka kundi lake liweke silaha chini. Mei likatangaza kujivunja, na Julai wapiganaji wake wa kwanza wakachoma bunduki zao kaskazini mwa Iraq. Serikali inayozungumza na Öcalan wakati huo huo inamfunga meya wa Istanbul. Amani na Wakurdi naitaka kwa moyo wote. Kila niliyemuuliza Diyarbakır anaitaka. Lakini walinieleza shaka yao kwa maneno ya wazi: ahadi ya haki inatolewa na mahakama gani?

Na baada ya mwaka 2016 mkono wa Uturuki ulinyooka zaidi nje ya mipaka. Maofisa wa Uturuki wenyewe wamejivunia kuwarudisha watu zaidi ya 100 kutoka nchi mbalimbali, wakidaiwa kuwa wafuasi wa mhubiri Fethullah Gülen, aliyelaumiwa kwa jaribio la mapinduzi. Kosovo walichukuliwa sita Machi 2018. Moldova, Septemba mwaka huo, walichukuliwa walimu, na Mahakama ya Ulaya ikaitia Moldova hatiani. Oktoba 2024 ikawa zamu yetu: watu saba walitekwa Nairobi, watatu wakaachiwa, Waturuki wanne wakasafirishwa hadi Uturuki. Hao wanne walikuwa wakimbizi waliosajiliwa. Wizara yetu ya mambo ya nje ilikiri, ikasema imehakikishiwa watatendewa vyema.

Ulikuwa mwaka ule ule ambao vijana wa Kenya walikuwa wakichukuliwa majumbani na barabarani baada ya maandamano ya Juni. Tume yetu ya Taifa ya Haki za Binadamu iliorodhesha utekaji 82 kuanzia Juni hadi Desemba. Tulipaza sauti kwa ajili ya watoto wetu, na tulifanya vyema. Kwa ajili ya wale Waturuki wanne, ni wachache waliopaza. Walikuwa wageni, na kesi yao ilikuwa ya kwao.

Uturuki ina wapiga kura hodari. Mei 2023 karibu asilimia 87 walijitokeza. Hawakukosa sanduku la kura, wala ujasiri, wala idadi. Walichokikosa, kwa miaka kumi yenye thamani kubwa, ni kumtetea mtu wasiyempenda pale sheria ilipovunjwa juu yake, wakati kumtetea kulikuwa bado rahisi. Mwanafunzi wa sheria wa Istanbul ameanza kulifanya hilo, na mzee wa Diyarbakır hakumfungia mlango. Sisi kwetu tunaweza kuanza na watu wanne: tuitake serikali yetu iseme hadharani nani alitoa idhini wachukuliwe, na kwa sheria ipi, na tusikubali jibu la kwamba walikuwa wageni.